Wimbo Bado Haujakaa: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Kwaya Inayoridhika Mapema

Malalamiko ya walimu wa kwaya wa Moshi na Arusha yanafanana mno. Waimbaji wakishajua maneno, na sauti ikawa inaelekea-elekea, kwao wimbo umekwisha. Ukisema turudie, wanaangalia saa. Ukisema alto wameshuka, wanatazamana. Ukisisitiza, mmoja anasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, si tumeshaujua huu?"

Walimu wamejaribu kukaripia, kutoza faini, kubadilisha nyimbo kila mwezi, hata kumwalika mwalimu mgeni kwa wiki nzima. Mgeni akiondoka, kwaya inarudi pale pale.

Tuelewane kwanza kuhusu chanzo. Mwimbaji wa namna hii kwa kawaida si mvivu. Amepanda daladala kutoka Sakina au Kiboriloni baada ya siku nzima ya kazi, na amefika. Anaridhika kwa sababu hasikii tofauti kati ya alichoimba na kile unachokitaka. Kumkaripia mtu kwa kosa asilolisikia ni kumwonea. Kwa hiyo kazi inaanzia masikioni, inafuata kwenye kipimo ambacho kila mtu anakielewa, na inaishia kwako wewe mwalimu kutokilegeza kipimo hicho.

Hatua hizi ni za kwaya ya sauti nne (soprano, alto, teno na besi) inayotumia nota za sol-fa, yaani do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi d, r, m, au inayojifunza kwa kusikia, na inayokutana jioni mara mbili kwa wiki.

## Vitu vya kuandaa

Simu inayorekodi na spika ndogo ya kuchaji. Spika ya simu peke yake haitoshi, sauti ya besi haisikiki. Ichaji mchana, kwa sababu umeme ukikatika saa moja jioni hutaki zoezi zima life.

Kitu cha kutolea sauti ya kuanzia. Kinanda, au programu ya kinanda kwenye simu. Hakikisha la ya kati (A) iko kwenye hertz 440. Vinanda vingi vina sehemu ya kurekebisha sauti, na mtu akiigusa bila kujua, kinanda hakitapatana na kingine.

Programu ya mapigo (metronomu), inayogonga mwendo wa wimbo. Za bure zipo nyingi na zinafanya kazi bila intaneti.

Karatasi ya nota kwa kila mwimbaji. Isiwe karatasi moja kwa watu wanne. Toa kopi kutoka kwenye nakala ya kwanza. Kopi ya kopi hupoteza zile alama ndogo: kialama cha juu kwenye d' na cha chini kwenye s, vikifutika, teno anabaki kukisia kama anapanda au anashuka, na anayekisia anafuata jirani yake.

Penseli, moja kwa kila mtu. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu alama zitabadilika.

Ubao au karatasi kubwa ya manila, na maji ya kunywa yasiyo ya baridi.

Kama hivi havipo, usianze. Hatua ya tatu inategemea spika, na hatua ya nne inategemea penseli.

## Hatua ya 1: Jifunze sauti zote nne wewe kwanza

Kaa na wimbo kabla kwaya haijauona. Imba soprano mwanzo hadi mwisho, kisha alto, teno na besi, kila moja peke yake bila kinanda. Kama sauti ni ya juu au ya chini mno kwako, iimbe mahali unapofikia.

Mahali utakapojikwaa wewe ndipo watakapojikwaa wao. Pazungushie duara. Wimbo wa kurasa mbili huwa na sehemu tatu au nne tu zenye ugumu wa kweli, kwingine kote ni kupita.

Onyo: usiende mazoezini ukiwa unajua soprano tu. Walimu wengi wanaanza na soprano kwa sababu ndiyo inayoshika kichwani, halafu wanawafundisha alto kwa kubonyeza kinanda huku wao wenyewe hawana uhakika. Alto wanaona wasiwasi huo usoni mwako, na wanajifunza kwamba kwenye kwaya hii kukaribia kunakubalika.

Umefanikiwa ukiweza kuanza sauti yoyote, mahali popote pa wimbo, bila kurudi mwanzo.

## Hatua ya 2: Chagua mstari mmoja

Usichukue wimbo mzima. Chukua mstari mmoja wenye duara, wa vipimo vinne hivi (vile vipande vya nota vilivyotengwa kwa mistari iliyosimama), ambao ukiimbwa unachukua sekunde kumi au kumi na tano.

Kwaya iliyozoea kuimba wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho haijawahi kusikia mstari wowote ukiwa sawasawa kabisa. Imezoea kupita. Sehemu nzuri zinafunika mbovu, na wimbo ukiisha watu wanakumbuka kiitikio ambacho kilikwenda vizuri. Lengo la wiki ya kwanza ni watu waonje mstari mmoja tu uliokaa. Wakishaonja, ladha hiyo ndiyo itakayokusaidia kudai mengine.

Waambie wazi mwanzoni mwa zoezi: "Leo nusu saa ya kwanza ni mstari huu tu. Baada ya hapo tutaimba tunazozijua." Ukilificha, watadhani umekwama.

## Hatua ya 3: Rekodi, kisha nyamaza

Waimbe mstari ule mara moja, kama wanavyouimba siku zote. Usiwasahihishe kabla. Simu iwe hatua nne au tano mbele yao, usawa wa masikio, juu ya kiti au mkononi mwa mtu. Usiiweke juu ya kinanda, itarekodi kinanda na kuwaficha waimbaji.

Wasikilizishe kwa spika. Uliza swali moja tu: "Mmesikia nini?" Halafu nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Mtu anapoimba, sauti yake inamfikia kwa ndani kupitia mifupa ya kichwa, na ile ya nje inachanganyika na ya jirani. Hawezi kuipima kwa haki wakati huo huo anaimba. Rekodi inamtoa ndani ya kwaya na kumkalisha kwenye benchi la msharika. Maneno yako mia moja hayafiki hapo.

Mara ya kwanza watacheka, au watasema simu ni mbovu. Wachezeshee tena. Kwa kawaida mtu wa tatu au wa nne kusema ndiye anayegusa jambo: "Mwisho hatukumaliza pamoja." Andika ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama wewe umesikia makosa mengine saba.

Maonyo matatu. Rekodi hizi zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la kwaya wala la usharika. Zikishasambaa, hakuna atakayeimba kwa uhuru tena mbele ya simu yako. Pili, usitumie rekodi kumtafuta mtu. Kosa linatajwa kwa sauti ("alto", "besi"), kamwe kwa jina. Tatu, usipimie rekodi ukubwa na udogo wa sauti. Simu nyingi zinajirekebisha zenyewe, zinakuza penye upole na kupunguza penye nguvu, hivyo zitakudanganya.

Umefanikiwa siku ambayo mwimbaji atataja kosa kabla yako. Mpaka siku hiyo ifike, rudia hatua hii kila zoezi. Ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote katika mwongozo huu, na ndiyo walimu wanayoiruka haraka kwa kuona inapoteza muda.

## Hatua ya 4: Lipe kosa jina, sababu na dawa

"Tena!" si maelekezo. Kwaya ikirudia bila kujua inatafuta nini, inalikaza kosa lile lile. Kila mara unaporudisha, sema kitu kimoja kinachotakiwa kubadilika. Kimoja tu, hata kama yapo mengi.

Haya ndiyo makosa yanayojirudia zaidi kwenye kwaya zetu.

### Sauti inashuka

Mnaanza Do ikiwa G, mnamaliza karibu na F. Kinanda kikipigwa mwishoni kila mtu anashtuka.

Wengi wanadhani kwaya inashuka kwenye nota za juu. Mara nyingi inashuka mahali panapoonekana rahisi: nota inayojirudia. Tazama mstari wa alto wa kawaida:

: s | s : s | s : f | m : –

Ile so ya kwanza iko sawa. Ya pili iko sawa. Ya tatu imelegea kidogo, kwa sababu mwimbaji ameshaizoea na ameacha kuisikiliza. Ya nne iko chini yake. Ndipo wanashuka kwenda fa, wakitokea mahali ambapo so imeshapotea, na mi inafika ikiwa imechoka kabisa. Soprano anayeimba juu yao hana pa kusimama, naye anashuka kuwafuata.

Dawa: zima kinanda. Alto peke yao waimbe so zile nne kwa silabi "nu", taratibu, kila moja ikianza upya kwa wazo kwamba inapanda kidogo. Haitapanda kweli, itabaki mahali pake. Baada ya so ya nne, bonyeza so kwenye kinanda mara moja. Wakikutana nayo, ongeza fa na mi.

Sehemu nyingine za kushuka ni hatua za kuteremka. Watu wanapokwenda d' t l s wanateremka kwa hatua kubwa kuliko inavyotakiwa. Waambie washuke kwa kubana. Na mi inayofikiwa kutoka chini (d r m) karibu kila mara inakuwa chini kidogo ya mahali pake, inataka kusukumwa juu.

Kusimama vibaya nako kunachangia. Watu waliokaa kwenye mabenchi wakiegemea nyuma hawawezi kushikilia pumzi. Kwa mstari huu mmoja wasimame.

### Kimya kinamezwa

Kwenye sol-fa, pumziko halina alama yake. Ni nafasi tupu tu kati ya nukta mbili au baada ya mstari uliosimama. Jicho linaipita, na kwaya inaingia pigo moja kabla ya wakati.

Dawa ni penseli. Kila mtu achore duara kwenye nafasi hiyo tupu. Kisha wasome mapigo kwa mdomo bila sauti ya wimbo, na kwenye duara wapige kofi. Mkishapata mara kadhaa, kofi linakuwa pumzi: mahali pale pale wanavuta hewa pamoja.

### Maneno hayakai kwenye nota

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya muziki vya wageni havitakufundisha. Kiswahili kina m inayosimama peke yake kama silabi. "Mtakatifu" ina silabi tano: m-ta-ka-ti-fu. M hiyo ina nota yake na inatakiwa kuimbwa midomo ikiwa imefumba, kwa sauti kamili. Waimbaji waliochoka wanaimeza ("takatifu"), au wanaiongezea irabu ("mutakatifu"). Nusu ya kwaya ikifanya la kwanza na nusu la pili, mwanzo wa mstari unapasuka.

Lakini "mbingu" ni silabi mbili tu, mbi-ngu. Hapo m haina nota yake. Anayeishikilia anachelewesha wenzake.

Dawa: kabla ya kuimba, someni mstari kwa sauti ya kuongea, kwenye mapigo, silabi kwa silabi. Kila m yenye nota yake itiwe mstari chini. Dakika tano zinatosha, na matokeo yake yanasikika palepale.

### Hawamalizi pamoja

Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Hakuna t wala s ya kufunga mlango. "Bwana" ya mwisho inaisha pale kila mtu anapoishiwa pumzi: huyu sasa, yule baadaye, mwingine anaburuza mpaka mkono wako umeshashuka.

Amua pigo kamili la kuachia, mliandike kwenye karatasi. Mfano: nota ya mapigo matatu inaachiwa kwenye pigo la nne lenyewe, si karibu nalo. Mdomo ubaki wazi vile vile hadi mwisho, kwa sababu a inayofungwa kidogo kidogo inageuka kuwa sauti nyingine. Na kwa nota ndefu zaidi ya pumzi ya mtu mmoja, waimbaji wawili waliosimama pamoja wapatane kutovuta pumzi mahali pamoja.

## Hatua ya 5: Mara tatu mfululizo

Wameshajua kosa, wameshapata dawa. Sasa weka kipimo.

Mstari unahesabika umekaa ukiimbwa sawasawa mara tatu mfululizo. Mbili sawa na moja mbovu, hesabu inaanza upya. Mara moja inaweza kuwa bahati. Mara tatu zinaonyesha wanajua walichokifanya.

Anza polepole. Kama wimbo unakwenda mapigo 96 kwa dakika, weka 60. Zikipita tatu, panda hadi 68, kisha 76, na kuendelea. Mstari ukivunjika, rudi ngazi moja chini. Usirudi mwanzo kabisa, watakata tamaa.

Atakayesema kama umekaa ni nani? Wiki mbili za kwanza ni wewe. Baada ya hapo chagua watu wawili, kila zoezi wengine, wakae mbele na kusikiliza. Wao ndio waseme. Utashangaa jinsi wanavyokuwa wakali, na wanaporudi kwenye safu yao wanaimba tofauti.

Hapa ndipo mwalimu anapopimwa. Mara ya tatu ikiwa na kasoro ndogo, na mvua inakuja, na watu wamechoka, ulimi wako utataka kusema "haya, tuendelee". Ukisema hivyo, umewafundisha kwamba kipimo kinaweza kujadiliwa, nao hawatasahau. Kama muda umekwisha kweli, sema: "Haujakaa. Tunaanzia hapa Alhamisi." Na Alhamisi muanzie hapo.

Umefanikiwa ukisikia kwaya yenyewe ikisimama katikati na mtu akasema: "Hapana, tuanze tena."

## Hatua ya 6: Wanne wanne

Kwenye kwaya ya watu thelathini, watu kumi wanaweza kuegemea wenzao kwa miaka bila kugundulika. Ndiyo maana kwaya inatetereka siku waimbaji watatu wenye nguvu wanaposafiri.

Chagua wanne: soprano mmoja, alto mmoja, teno mmoja, besi mmoja. Waimbe mstari ule uliokaa. Wengine wasikilize. Kisha wanne wengine.

Anza na wanaojitolea, na wewe uwe mmoja wa wanne wa kwanza. Usimlazimishe mtu wiki ya kwanza. Kuna watu ambao hawajawahi kusikika peke yao maisha yao yote, na hofu hiyo ni ya kweli. Wape wawili wawili kwa kila sauti kabla ya kuwaacha mmoja mmoja.

Wazee wanahitaji uangalifu wa pekee. Kwaya nyingi zina mama aliyeimba alto tangu wewe hujazaliwa, na hakuna faida yoyote ya kumsahihisha mbele ya vijana. Mazungumzo yaende hivi:

"Mama, shikamoo. Naomba nisikie alto kuanzia hapa."

"Marahaba mwanangu. Lakini huu tumeuimba miaka yote."

"Ndiyo mama, na ninyi ndio mnaotushikilia. Hii so ya nne ikisimama kwenu, soprano wote watasimama. Naomba mnisaidie hapo."

Umempa kazi, na kazi hiyo ni ya kweli. Mama akikubali kurudia mara tano, vijana hawatakuwa na la kusema.

Kijana anayejiona anajua kila kitu mpe kazi ya kusikiliza mbele, ile ya hatua ya tano.

## Hatua ya 7: Kazi ya nyumbani ya sekunde thelathini

Usitume wimbo mzima. Rekodi mstari mmoja kwa kila sauti, uimbe wewe mwenyewe au mwimbaji mwenye uhakika, kwa mwendo wa polepole, ukitanguliwa na sauti ya kuanzia. Tuma nne hizo, kila moja ikiwa na jina la sauti yake. Ujumbe mfupi wa sauti hauli bando kubwa, na mtu anaweza kuusikiliza akiwa anapika au akiwa kwenye foleni ya daladala.

Kila mwimbaji akujibu kwa kuuimba, kwako peke yako, si kwenye kundi. Jibu lako liwe na jambo moja zuri lililo la kweli na jambo moja la kurekebisha.

Onyo: wasijifunzie nyumbani kwa video za kwaya nyingine. Wimbo ule ule unaimbwa kwa namna nyingi, na kosa walilolibeba kutoka kwenye video litakuchukua mazoezi mengi kuling'oa.

## Hatua ya 8: Pima kabla hawajapasha sauti

Zoezi linalofuata, kabla ya salamu ndefu na matangazo, waimbe mstari ule mara moja. Toa sauti ya kuanzia tu, kisha rekodi.

Hicho ndicho kipimo cha kweli. Jumatatu usiku, baada ya kurudia mara ishirini, kila kwaya ni nzuri. Kilichobaki Alhamisi bila maandalizi ndicho walichokishika.

Kama umevunjika, usikasirike. Utarudi upesi zaidi kuliko mara ya kwanza, dakika kumi badala ya thelathini. Kama umesimama, wachezeshee rekodi ya siku ya kwanza, kisha hii ya leo, bila maelezo. Halafu chagua mstari wa pili.

## Hatua ya 9: Wimbo usiokaa usiimbwe

Hii ni ngumu, kwa kuwa inahusu watu walio nje ya mazoezi.

Zungumza na mwenyekiti wa kwaya kwanza, kisha na mchungaji au paroko. Ombi lako ni moja: mwalimu ndiye atakayesema wimbo uko tayari. Jambo hili liafikiwe mapema, msimu usio na haraka. Ukilileta wiki mbili kabla ya Pasaka, wakati sare zimeshashonwa, utaonekana mkorofi.

Ili uweze kusema hapana, lazima uwe na cha kutoa badala yake. Tengeneza akiba ya nyimbo sita zilizokaa kabisa, hata kama ni za beti mbili na kiitikio. Harusi ikitokea, msiba ukitokea, mgeni akija ghafla, mnachukua kwenye akiba.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya vigelegele. Watu wetu ni wakarimu. Kwaya ikisimama, wanapiga makofi kwa upendo, wanamjua kila mmoja aliye pale mbele, na upendo huo haupimi so ya nne. Kwaya inayochukua makofi kuwa kipimo haitaona sababu ya kufanya mazoezi, kwa maana imeshafaulu tayari kila Jumapili. Usiwanyang'anye furaha hiyo. Wapokee makofi kwa shukrani, na Jumatatu mrudi kwenye rekodi.

## Mwanafunzi wa kinanda anayeridhika mapema

Hatua ni zile zile: mstari mmoja, rekodi, kosa moja, mara tatu, kupima baada ya siku kadhaa. Ongeza mambo mawili.

Mfungie kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mwanafunzi anayepiga kila kitu kwenye C na kuhamishia sauti kwa kitufe hatajua G wala B bemoli maishani mwake. Siku atakayokalishwa kwenye kinanda kisicho na kitufe hicho hataweza hata wimbo mmoja. Ahamishe vidole: wiki hii F, wiki ijayo G, wimbo ule ule.

Na azime midundo ya kinanda. Ngoma za mashine zinaficha mkono wa kushoto unaochelewa. Apige na programu ya mapigo peke yake, polepole, kila mkono kwanza peke yake.

## Misimu na ratiba

Panga kazi ya kusikiliza kwa kufuata mvua. Machi hadi Mei, masika ikipiga bati la ukumbi, hamtasikilizana, na kulazimisha ni kuwafundisha watu kupiga kelele. Tumia jioni hizo kusoma nota ubaoni: andika mstari, waandike wenyewe sauti ya pili, wachore vimya, watie mistari chini ya zile m. Mvua ikinyamaza, imbeni.

Juni hadi Agosti kuna baridi, hasa kwa mliopo Arusha na kwa walio juu milimani kuelekea Kilimanjaro. Ongeza muda wa kupasha sauti, anzeni kwa kuvuma midomo ikiwa imefumba, na msiguse nota za juu dakika kumi za kwanza. Koo la baridi likilazimishwa linakwaruza, na soprano aliyeumia atakosekana wiki nzima.

Mwalimu anayetaka kwenda mbali zaidi ya hapa asione aibu kurudi darasani. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, kinafundisha muziki hadi shahada.

## Siku yenyewe

Asubuhi ya kuimba usirekebishe chochote kipya. Ukigusa jambo jipya saa moja kabla, wataingia wakilifikiria hilo na kusahau lililokaa.

Pasheni sauti. Imbeni mwanzo wa kila wimbo na mwisho wake, basi. Hakiki sauti za kuanzia kwenye kinanda kitakachotumika, si kile cha mazoezini. Mtu mmoja akae nyuma na simu ya kurekodi, na Jumatatu hiyo rekodi ndiyo mtakayoanza nayo.